Maji ya Vyombo Nayo Yataka Njia



Katika gazeti letu hili mmekwisha kusoma mengi mazuri juu ya malezi ya watoto, sala za jioni na matumizi ya fedha. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo ambalo watu huona haya kuliandika: maji yaliyooshea vyombo, na makombo yanayobaki sahanini baada ya chakula. Msicheke. Mgeni hukaribishwa sebuleni, lakini afya ya nyumba hupimwa uani. Na tena, kama nitakavyowaonyesha, hata amani ya majirani yaweza kupotelea huko nyuma ya jiko.

Mimi ni karani wa parokia katika Mkoa wa Kagera. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kupokea michango, na kuwapanga watu wanaotaka kumwona Padre. Anayekaa mlangoni husikia mengi, na mdomo wake sharti uwe na kufuli. Lakini neno moja halina siri: magomvi ya majirani mara nyingi hayaanzi na mambo makubwa. Huanza na kuku aliyeparua mbegu, na mpaka uliosogezwa hatua moja, na maji machafu yaliyoteremka kwa mwenzio.

MASHINE YA WENZETU

Kabla ya hayo, nataka kulijibu swali la kijana mmoja wa kwaya. Alinijia na simu yake mkononi, akanionyesha picha ya jiko la Marekani. Mama mmoja anasukuma maganda na mabaki ya chakula katika tundu la sinki, anabonyeza swichi, mngurumo unasikika, na mara vyote vimetoweka. "Mwalimu," akasema, maana vijana huniita hivyo kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, "wenzetu wamekwisha maliza habari ya takataka. Sisi tutaipata lini mashine hii?"

Swali zuri. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa.

Mashine hiyo ilibuniwa mwaka 1927 na Bwana John W. Hammes, msanifu wa majengo wa mji wa Racine, katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1935 alipewa hati ya serikali ya kuulinda ubunifu wake, na baadaye kampuni yake ikaanza kuziuza. Hufungwa chini ya tundu la sinki. Wengi hudhani ndani mna visu, lakini sivyo. Mna sahani ya chuma inayozungushwa na umeme kwa kasi kubwa, yenye vinundu juu yake. Sahani hiyo huyarusha makombo pembeni, penye pete ya chuma iliyochongwa meno, yakasagika humo mpaka yakawa kama uji mwepesi. Kisha maji huyachukua bombani, yakaenda kwenye mfereji mkubwa wa mji, na mwisho kwenye mahali pa kusafishia maji machafu ya mji mzima.

Mashine hiyo ni ya msaada, siikatai. Lakini ina masharti yake, na wenye nyumba wa huko hufundishwa masharti hayo kama sisi tunavyofundishwa kutunza taa ya mafuta. Kwanza ufungue maji ya baridi, ndipo uwashe mashine. Na makombo yakiisha uyaache maji yaende kidogo ili yasukume mabaki. Maji yawe ya baridi kwa sababu ya mafuta: maji ya moto huyayeyusha mafuta, yakateremka kama maji, halafu mbele yakapoa na kuganda ndani ya bomba. Kamwe usitie mkono ndani. Kitu kikikwama, uzime umeme kwanza, halafu ukitoe kwa koleo. Usimimine mafuta ya kukaangia. Usitie wali mwingi, maana huvimba. Usitie vitu vyenye nyuzi, kama majani ya mahindi na maganda ya ndizi, kwa kuwa nyuzi hujisokota kama kamba.

Hapo kijana akacheka. Maganda ya ndizi! Basi mashine hiyo kwetu Kagera ingekula nini?

Tena ni lazima kujua inafaa nyumba ya namna gani. Inataka umeme, inataka maji mengi, na inataka mfereji wa mji wenye nguvu. Jiji la New York lilizikataza mashine hizo katika sehemu kubwa ya mji kwa miaka mingi, likihofia mifereji yake ya zamani, hata ilipofika mwaka 1997 ndipo likaziruhusu. Na nyumba ambayo maji yake huishia katika shimo lake yenyewe, kama nyumba zetu zote za vijijini, mashine hiyo hulijaza shimo upesi, maana kila ganda lililosagwa hugeuka tope chini yake. Kusaga si kuondoa. Kilichotoka mbele ya macho yako kimehamia mahali pengine, na huko nako kitahesabiwa.

Wenye mifereji mikubwa nao wana hadithi zao. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, wafanyakazi walikuta mfereji umezibwa na donge moja la mafuta yaliyoganda pamoja na matambara na vitu vingine vilivyotupwa vyooni. Donge hilo lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Iliwabidi walivunje kidogo kidogo kwa majuma mengi. Mwaka 1518 au mwaka 2018, mafuta ni mafuta. Na katika mwaka huo 2018 kipande cha donge lenyewe kiliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya London, watu wakaenda kulitazama. Fikirini, wasomaji wapenzi: hakuna mtu hata mmoja aliyetia tani 130. Kila mmoja alimwaga kijiko chake tu, akasema, "Kijiko kimoja kitadhuru nini?"

NYUMBA YA JUU NA NYUMBA YA CHINI

Sasa turudi kwetu. Nitawapa mfano wa nyumba mbili za jumuiya moja; wenyewe wameniruhusu kuusimulia, mradi nisitaje majina.

Nyumba hizo zimejengwa mtelemkoni, moja juu na moja chini, na katikati yao mna migomba. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliibomoa nyumba ya juu. Mwenyewe alipojenga upya alijitahidi sana: akaweka matofali ya kuchoma, na jiko akaliingiza ndani, na sinki ndani ya jiko. Mkewe akafurahi. Lakini bomba la sinki lilitobolewa ukutani, likaishia nje papo hapo, hatua mbili kutoka ukutani. Fundi alilipwa, akaaga, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza: maji haya yakishatoka hapa yaende wapi?

Maji hayaulizi. Yakateremka. Yakapita kwenye migomba, yakatuama nyuma ya jiko la nyumba ya chini, mahali ambapo watoto wao walikuwa wakicheza. Pakawa na tope jeusi, na harufu, na inzi wa mchana na mbu wa usiku. Mama wa nyumba ya chini akapanda kusema, kwa upole mara ya kwanza: "Dada, maji yenu yanatufikia." Akajibiwa, "Maji hayana mwenyewe, jirani. Hata ya mvua huteremka." Mara ya pili hakuja kwa upole. Mara ya tatu hakuja kabisa. Usiku mmoja bomba likazibwa kwa udongo na tambara, na asubuhi sinki la nyumba ya juu likajaa maji machafu hata sakafuni.

Tangu siku ile hawakusalimiana. Watoto waliokuwa wakienda shule pamoja wakaambiwa wapite njia mbalimbali. Siku ya jumuiya, wakati wa kutakiana amani, kila mmoja aligeukia upande wake. Na Jumapili wote wawili walisimama katika mstari wa Komunyo, mmoja nyuma ya mwingine.

Kisha bibi wa nyumba ya chini akafariki. Ninyi mwajua msiba ni nini huku kwetu. Watu wa nyumba ya juu walifika na kuni na ndizi zao, wakasimama njiani chini ya mti, hawakujua kama watapokewa wakiingia. Marehemu huyo ndiye aliyempokea mtoto wao wa kwanza siku ya kuzaliwa. Walisimama pale muda mrefu, mizigo kichwani, mpaka mwana wa marehemu alipotoka mwenyewe akawashika mkono. Mimi nilikuwapo, nikiandika rambirambi katika daftari. Nikaona jinsi maji ya beseni moja, yakiachwa bila njia, yanavyoweza kufika hata mahali pa kilio.

Baada ya arobaini, mwenyekiti wa jumuiya aliwakutanisha. Hakuuliza nani aliyeanza. Aliwachukua wote, baba kwa mama, akasimama nao pale penye tundu la bomba, akasema, "Mungu ameyaumba maji yateremke, kosa si lake wala si la maji. Tuyatafutie njia." Akaitwa Bwana Afya kutoa mashauri, vijana wakaleta majembe, na kazi ikafanyika kwa siku mbili. Nataka kuwaeleza kazi yenyewe, ili kila nyumba iweze kuifanya kabla ya kugombana.

KAZI HUANZA SAHANINI

Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu maelfu kwa mikate michache, hakuviacha vipande vilivyobaki vikanyagwe majanini. Aliagiza vikusanywe, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Katika nyumba zetu pia, kabla ya maji kugusa sahani, makombo yakusanywe.

Kila mama awe na chombo chenye kifuniko karibu na mahali pa kuoshea. Makombo yote yakwanguliwe humo kwanza. Ukoko wa ugali na wali wapeni kuku. Maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi na ng'ombe, na mengine yarudi katika kibanja yakalale shinani mwa migomba, kama wazee wetu walivyofanya tangu zamani. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kusaga: mnyoo wa udongo, asiyetaka umeme wala fundi. Ukifuga nguruwe, makombo yachemshwe kwanza, na yenye nyama ya nguruwe usiwape kamwe. Maana homa ya nguruwe ya Afrika huenea kwa njia hiyo, nayo haina dawa.

Yanayobaki fanyeni mboji. Pangeni tabaka la mabichi, yaani maganda na majani, kisha tabaka la makavu, kama nyasi na majani ya migomba yaliyokauka, kisha samadi kidogo au udongo. Funikeni kwa majani ili inzi wasiingie. Nyunyizeni maji kidogo pakiwa pakavu mno, na pindueni kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi mitatu hivi mtapata mbolea nyeusi isiyonuka. Nyama na mafuta visitiwe humo, maana huwaita mbwa na panya. Plastiki, betri na vioo visitiwe pia. Vitu hivyo haviozi, navyo viwekwe mbali mahali pake.

Halafu mafuta. Sufuria au kikaango chenye mafuta kisioshwe hivi hivi. Kipanguse kwanza kwa jani kavu la mgomba au kipande cha karatasi, na jani hilo litupe motoni. Kitendo hiki hakichukui hata dakika moja, nacho huliokoa bomba kuliko dawa yoyote inayouzwa dukani. Na wale wanaosugulia vyombo kwa majivu au mchanga, wafanye hivyo uani, wasimimine majivu wala mchanga katika sinki. Vitu hivyo ni vizito, huzama katika bomba, vikakamatana na mafuta, vikawa kama saruji.

Mwisho, tundu la sinki liwe na chujio. Likikosekana la dukani, mfuniko wa kopo uliotobolewa kwa msumari mwembamba watosha; kingo zake zigongwe zisikate mkono.

BOMBA, NDOO NA SHIMO

Chini ya sinki utaona bomba limepindwa kama shingo ya bata. Mafundi wengine huliondoa wakisema, "Hili ndilo linalozibaziba." Wakataze. Katika pindo lile hubaki maji kidogo daima, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu wasipande kutoka shimoni kuingia jikoni.

Kutoka hapo bomba liende moja kwa moja, bila kona zisizo za lazima. Na liteleme sawasawa: sentimita 2 kwa kila mita moja ya urefu. Bomba la mita 10, basi, mwisho wake uwe chini kuliko mwanzo kwa sentimita 20. Likiwa bapa, maji hulala na tope hukaa. Penye kona pawekwe kifuniko kinachofunguka, ili siku ya kuziba msilazimike kuvunja sakafu.

Kabla maji hayajafika shimoni, yapite katika mtego wa mafuta. Jina lake ni kubwa, lakini kwa nyumba ndogo watosha kwa ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, iliyofukiwa mpaka shingoni. Bomba la kuingiza maji litoboe ndoo upande wa juu. Bomba la kutolea litoke upande wa pili, chini kidogo kuliko lile la kwanza, na ndani ya ndoo lipindwe kuelekea chini, mdomo wake uzame katika maji. Mwajua kwamba mafuta huelea. Basi maji huingia, hutulia na kupoa. Mafuta hupanda juu, mchanga huzama chini, na maji ya katikati, yaliyo safi zaidi, ndiyo yanayotoka. Kila Jumamosi fungueni, yachoteni mafuta yaliyoganda kwa kopo, mkayafukie mbali na kisima. Mtego usiosafishwa ni kama chungu kilichojaa: unachotia huku chatoka kule.

Ndipo lije shimo. Lichimbwe upana wa mita 1 kila upande na kina cha mita 1 au mita 1 na nusu, lijazwe mawe, makubwa chini na madogo juu, kisha lifunikwe kwa karatasi ngumu ya plastiki na udongo, ili mbu wasiingie na mtoto asitumbukie. Maji yatanyonywa na ardhi polepole. Lakini kwanza pimeni udongo wenyewe: chimbeni kishimo kidogo, kijazeni maji, mtazame. Yakizama upesi, pamefaa. Yakikaa mpaka kesho, udongo ni mfinyanzi. Tafuteni mahali pengine, au chimbeni mtaro mrefu badala ya shimo moja. Shimo liwe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mtelemko. Lisikaribie msingi wa nyumba, wala lisiunganishwe na shimo la choo, maana maji mengi ya jikoni hulijaza choo kabla ya wakati wake.

Wenye kibanja kikubwa waweza kuyaelekeza maji yaliyopita katika mtego mpaka kwenye migomba, leo mgomba huu, juma lijalo mgomba ule, ili udongo upate kupumzika. Lakini yasimwagwe kwenye mchicha na mboga nyingine zinazokaribia ardhi.

Mtaniuliza, "Karani, kwa nini taabu yote hii kwa maji ya vyombo?" Kwa sababu ya mbu na inzi. Mbu wa malaria hupenda zaidi maji yaliyo safi, lakini yuko ndugu yake anayezaa katika maji machafu yaliyotuama, na huyo katika nchi zetu huweza kueneza matende na mabusha. Tangu yai mpaka mbu anayeruka hupita siku 7 au 10 tu. Na inzi aliyekaa kwenye tope la nyuma ya jiko, huyo huyo ndiye anayekuja kukaa juu ya uji wa mtoto.

Hivyo ndivyo zilivyofanya zile nyumba mbili. Bomba la nyumba ya juu likaongezwa, mtego ukawekwa, na shimo likachimbwa pembeni mwa kibanja. Mawe yalitoka nyumba ya chini, maana walikuwa nayo tangu walipojenga. Mama wa nyumba ya juu aliyabeba mwenyewe pamoja na mwenzake, karai baada ya karai. Sikusikia wakiombana msamaha kwa maneno mengi. Lakini siku ya pili, adhuhuri, chungu kimoja kilipikwa, na wote wakala humo. Na watoto wao nawaona asubuhi wakipita mbele ya ofisi yangu kwenda shule, pamoja.

BOMBA LIKISHAZIBA

Hata nyumba yenye uangalifu hupatwa siku moja. Bomba likiziba, usifadhaike. Yachote kwanza maji yaliyotuama. Kisha chukua kile kipira cha mpini kinachouzwa madukani, kibandike juu ya tundu, kiwe na maji kidogo ya kukizunguka, ukisukume na kukivuta mara 15 au 20. Ikishindikana, weka ndoo chini ya lile pindo la shingo ya bata, ulifungue, ulisafishe kwa mkono. Mara nyingi kijiko kilichopotea na donge la mafuta hukutwa humo. Ikishindikana tena, anza upande wa nje: fungua kifuniko cha kona, ingiza waya mrefu au ufito wa mwanzi uliopasuliwa, uzungushe taratibu. Usimimine maji yanayochemka katika bomba la plastiki, maana hulainika na kupinda. Maji ya vuguvugu yenye sabuni yatosha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wako wanaonunua kostiki, ile dawa kali ya watengeneza sabuni, wakaimimina katika bomba. Huzibua wakati mwingine. Lakini ikigusa ngozi huichoma, ikiruka machoni hupofusha, na ikichanganywa na maji huchemka yenyewe bila moto. Ubaya ulio mkubwa kuliko yote ni kuiweka katika chupa ya soda. Mtoto anajua chupa ya soda ina nini. Ataifungua na kunywa, na koo lake litaungua kwa dakika moja na kumtaabisha miaka yote. Kama dawa hiyo imo nyumbani mwako leo, katika chupa ya namna hiyo, acha gazeti hapa, nenda ukaiondoe, kisha rudi umalizie kusoma. Mtoto akiwa amekwisha kunywa, msimtapishe, maana itamchoma mara ya pili ikipanda. Msuuzeni kinywa, mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa yenyewe ili mganga aione.

NENO KWA AKINA BABA

Neno la mwisho nawaelekezea akina baba wenzangu. Twapenda kusema, "Jikoni ni kwa mama." Vema, lakini nani anayechimba shimo? Nani anayenunua bomba? Nani aliyesimama na fundi siku ile bomba lilipotobolewa ukutani? Mke hawezi kulinda usafi wa maji ambayo mume hakuyapa njia. Jumamosi moja yatosha: ndoo moja, bomba chache, mawe ya bure, na watoto wenyewe kusaidia kubeba.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia hii ni nyumba yetu sote. Mimi nadhani kwa mtu wa kijijini nyumba hiyo huanzia pale nyuma ya jiko, maji yanapotoka kwake na kuelekea kwa jirani. Basi, jioni ya leo, mama atakapomaliza kuosha vyombo, baba atoke nje na taa, ayafuate maji hayo mpaka yanapokoma. Akikuta yamezama ardhini, amshukuru Mungu. Akikuta yameingia kwa mwenzake, asingoje mwenzake aje kubisha hodi. Kesho asubuhi aanze yeye kwenda kumwamkia, na jembe begani.

Wenu katika Kristu,
Karani wa Parokia